Kutoka Mulago hadi Ufuko wa Nyasa: Historia ya Waliounganisha Majaribio ya Tiba ya Saratani

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay hakufiki kilomita 70, lakini katika mwendo huo mfupi gari hushuka zaidi ya mita 800. Juu Umatengoni kuna ngoro, yaani mashimo ya kilimo ya Wamatengo, za mahindi na maharage, kuna kahawa, na kuna asubuhi za Juni ambazo mtu hatoki nje bila koti. Chini kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mita zisizofika 500 kutoka usawa wa bahari, kuna mihogo, miembe, dagaa waliotandazwa juani, joto la mwaka mzima na mbu. Kwa watu wa Ruvuma hayo ni mambo ya kila siku: wa milimani huteremka kutafuta samaki, wa ziwani hupanda kutafuta mahindi. Katika historia ya tiba ya saratani, tofauti ya mwinuko ya namna hiyo ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki nafasi yake ya kwanza.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ileile. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakusanya visa, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ndio mwanzo wa uratibu wa utafiti wa saratani katika ukanda huu. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe ule, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu mbalimbali za Afrika, akauliza kama kuna aliyewahi kumwona mtoto kama huyu.

Majibu yalipoanza kurudi, alichoma pini kwenye ramani, na pini zikajipanga katika mkanda uliokata bara katikati. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari la Ford lililokwisha kutumika. Kwa takriban wiki 10 na maili 10,000 walipita Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na Rhodesia hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50. Walichokuwa wakitafuta ni mahali ambapo mkanda unakoma. Karibu na ikweta ugonjwa ulitoweka mtu akipanda kufikia mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka. Ugonjwa ulifuata fukwe za maziwa na mabonde ya mito, mahali pa joto na mvua, na ukaziacha nyanda za juu.

Ukiuweka mpaka huo juu ya ramani ya Mbinga ya zamani, kabla Nyasa haijawa wilaya mwaka 2012, unapita katikati yake: Mbinga mjini na Litembo upande mmoja, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay upande wa pili. Watoto wa ndugu wawili, mmoja aliyeolewa juu na mwingine aliyeolewa chini, walikua katika hatari mbili tofauti.

Swali la Burkitt lilijibiwa kwa sababu palikuwa na watu wa kulijibu. Ziwani, Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wameingiza meli yao, Chauncy Maples, mwaka 1901, na hospitali yao ya Liuli ilihudumia vijiji ambavyo barabara ilichelewa sana kuvifikia. Bara kidogo, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na hospitali yao ikaja kuwa kubwa kuliko zote katika eneo lile. Watu wengi huzikumbuka hospitali hizo kwa makanisa yake na shule zake. Mimi nazikumbuka kwa daftari. Muuguzi aliyeandika jina la mtoto, kijiji, umri na mahali uvimbe ulipo, kwa mkono unaosomeka, alikuwa mtafiti hata kama hakuna aliyemwita hivyo, na ramani zote za saratani katika Afrika ya enzi ile zilisimama juu ya maandishi ya watu wa namna yake.

Mambo mawili yalitokana na kazi ya Burkitt. Machi 1961, kabla ya safari ile ya gari, alitoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wakati huohuo watafiti waliotazama ramani ya Burkitt pamoja na ile ya malaria waliona zinalandana, na dhana kwamba malaria inakiandalia njia kirusi ikaanza kupata nguvu.

Jambo la pili ni dawa. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kwa mtoto aliyevimba taya zote kisu hakikuwa na msaada. Burkitt akajaribu dawa za kemikali zilizokuwa mpya wakati huo: methotrexate, vincristine, cyclophosphamide. Uvimbe uliyeyuka, wakati mwingine ndani ya siku chache. Nairobi, Peter Clifford akaona mambo yaleyale kwa wagonjwa wake. Mwaka 1967 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na wenzao wa Uganda wakafungua kituo cha kutibu ugonjwa huo Mulago, kikiongozwa na John Ziegler, na hapo ndipo zilipoanza tafiti zenye utaratibu kamili: mgonjwa anapangiwa tiba kwa kura, matokeo yanaandikwa kwa kipimo kimoja, na anafuatiliwa hata baada ya kuruhusiwa. Wafanyakazi wa kituo waliwafuata watoto hadi vijijini kujua nani yu hai. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ilitolewa kwa kundi la madaktari walioonyesha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa, na Burkitt na Ziegler walikuwamo.

Mwaka huohuo, chini ya Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Wengi walidhani kazi ingekufa. Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi wa taasisi akaendelea na majaribio katika miaka ambayo hata pamba na dripu vilikuwa vya kubahatisha. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya dawa ya adriamycin kwa saratani ya ini, na kwa miaka mingi dawa hiyo ikabaki kimbilio la madaktari wa nchi nyingi kwa ugonjwa ule. Nikitafuta mfano wa mratibu ambaye kazi yake ilizidi muda wa mfadhili, namtaja Olweny kwanza.

Saratani haikuwa peke yake. Tangu miaka ya 1960, Kituo cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Nairobi, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kiliendesha majaribio yaliyounganisha hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania chini ya fomu moja na maabara zilizokubaliana vipimo. Jaribio la tiba fupi lililoanza mwaka 1970 lilionyesha kwamba miezi 6 ya dawa zinazofaa inatosha pale ambapo awali ilihitajika miaka. Mgonjwa wa kifua anayemeza dawa leo katika zahanati ya Lituhi anafuata njia iliyokatwa na uratibu huo.

Jaribio la Tanzania ninalolirudia mara nyingi kuliko yote ni la North Mara. Kati ya mwaka 1977 na 1982, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani pamoja na Serikali ya Tanzania walitaka kupima ile dhana ya malaria kwa vitendo. Ukiipunguza malaria kwa watoto, je, uvimbe wa Burkitt nao utapungua? Watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini mara mbili kwa mwezi, nyumba kwa nyumba, na Hospitali ya Shirati, ambako daktari Glen Brubaker alikuwa ameweka kumbukumbu za ugonjwa huo kwa miaka, ikawa nguzo ya kazi. Mwanzoni vimelea vya malaria vilipungua. Kisha vikarudi, kwa sababu vilianza kuizoea klorokwini. Visa vya saratani navyo vilipungua, ila kushuka huko kulikuwa kumeanza kabla ya dawa. Ripoti ilipotoka mwaka 1989, hakuna aliyeweza kutoa jibu la moja kwa moja.

Ninaposoma habari ya North Mara sioni uzembe hata kidogo. Naona watu waliofanya kazi kubwa kwa mpango ambao haukuwa na mlango wa kutokea. Dawa ilipoanza kushindwa, mpango haukuwa na kanuni ya kusema sasa tubadilishe dawa, au tusimame, au tuongeze vijiji. Ulikuwa umefungwa kabla haujaanza, kama majaribio karibu yote ya zama zile.

Wazo la jaribio linalojirekebisha ni la zamani kuliko North Mara. Mwaka 1933 William Thompson alipendekeza kwa hesabu kwamba kadiri matokeo yanavyoingia, wagonjwa wapya waelekezwe zaidi kwenye tiba inayoonekana kufaa. Kwa miongo mingi wazo hilo lilikaa vitabuni, kwa sababu hesabu zake zilihitaji kompyuta na habari zake zilihitaji kwenda haraka. Katika saratani lilishika mizizi karne hii. Uingereza, jaribio la STAMPEDE la saratani ya tezi dume lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2005 likiwa na tiba kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2011 likaziondoa zile zenye celecoxib zilipoonekana hazina tija, na baadaye likaingiza nyingine bila kuanza upya. Marekani, jaribio la I-SPY 2 la saratani ya matiti lilianza mwaka 2010 kwa utaratibu ambao kompyuta huongeza nafasi ya mgonjwa mpya kupangiwa dawa inayofanya vizuri kwa aina yake ya uvimbe.

Mvuvi wa Nyasa anaelewa jambo hili bila mwalimu: anainua wavu usiku wa manane, anaona uzito wake, na anaamua kama mtumbwi ubaki au usogee. Sharti pekee ambalo sayansi inaongeza ni kwamba kanuni ya kusogea iandikwe kabla ya kutoka nyumbani, ili mtu asije akasogea kwa tamaa au kwa hofu. Tuseme wagonjwa 300 watagawanywa katika tiba tatu. Mpango unasema kwamba wakifika 90, bodi huru ya usalama itafungua takwimu, na tiba ambayo iko nyuma kwa kiasi kilichotajwa itafungwa. Waliobaki, 210, watagawanywa katika tiba mbili. Watu kadhaa wanaepushwa na dawa dhaifu, na jibu linakuja mapema.

Afrika Mashariki imeshaliona hili kwa macho yake. Mwaka 2013 lilianza jaribio la tiba ya saratani ya Kaposi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, katika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Tiba zilikuwa tatu: paclitaxel, mseto wa bleomycin na vincristine, na vidonge vya etoposide, zote pamoja na dawa za kufubaza virusi. Machi 2016 bodi ya usalama ilifungua takwimu, ikafunga etoposide. Machi 2018 ikafunga na mseto, kwa sababu paclitaxel ilikuwa mbele waziwazi. Katika wagonjwa 334 walioandikishwa, wiki ya 48 ilionyesha kwamba asilimia 64 ya waliopewa paclitaxel walikuwa hai na ugonjwa wao haujasonga mbele, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa mseto. Mseto huo ndio uliokuwa tiba ya kawaida katika hospitali nyingi za ukanda huu.

Malawi ilikuwamo. Tanzania haikuwamo. Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, ndugu huvuka kwenda harusi na misiba, lakini mgonjwa wa ng'ambo alikuwa na nafasi ya kuingia katika jaribio lililobadilisha tiba ya ugonjwa wake, na wa ufuko huu hakuwa nayo. Hilo linaniuma, na sitaki kulificha.

Na hatuwezi kusema kwamba Tanzania haina ujuzi. Kwa saratani ya Burkitt, Taasisi ya Saratani Ocean Road ilikuwa moja ya vituo vya jaribio lililoanza mwaka 2004 kwa kushirikiana na Kenya na Nigeria. Ocean Road ni hospitali ambayo majengo yake ya kwanza yalifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na imekuwa taasisi kamili ya saratani tangu mwaka 1996. Profesa Twalib Ngoma ndiye mwandishi wa kwanza wa ripoti ya jaribio hilo. Watoto walipewa dawa tatu zinazopatikana kwa bei nafuu, na wale ambao uvimbe haukuisha au ulirudi walihamishiwa mseto wa pili uliopangwa tangu mwanzo. Katika wagonjwa 356, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Kwa nchi ambako wengi wa watoto hao walikuwa wakirudishwa nyumbani kusubiri mwisho, hilo ni jambo kubwa.

Majaribio yanayojirekebisha nayo yamekwisha kufanyika hapa. Mwaka 2013 na 2014 mtandao wa PanACEA uliendesha jaribio la kifua kikuu la tiba nyingi kwa hatua nyingi, katika Tanzania na Afrika Kusini, wagonjwa 365, na kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilikuwamo. Katikati ya safari tiba mbili zenye dawa ya SQ109 zilifungwa. Rifampicin ya dozi kubwa ikaendelea hadi mwisho na ikaonekana kusafisha makohozi mapema zaidi. Maana yake, kuna watu Mbeya, mkoa unaopakana na kichwa cha ziwa hili, wanaojua namna ya kufunga tawi la jaribio wiki hii na kuwaandaa wauguzi kwa mpango mpya wiki ijayo. Kinachokosekana ni kuwafikisha kwa wagonjwa wa saratani.

Hapo ndipo wanapoingia wakandarasi wa utafiti. Kwa miongo kadhaa sasa, hasa baada ya kampuni kama Quintiles kuanzishwa Marekani mwaka 1982, wenye dawa na wafadhili wamekuwa wakitoa zabuni kwa kampuni au taasisi ya kuendesha jaribio kwa niaba yao: kupata vibali, kufundisha vituo, kukagua fomu, kusafirisha damu na vinyama vya vipimo, kusimamia takwimu. Tanzania kibali cha maadili hutolewa na NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kibali cha dawa za majaribio hutolewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mkandarasi anayezijua ofisi hizo anaokoa miezi. Lakini kulijua jiji la Dar es Salaam pekee hakutoshi.

Chukua fomu moja. Mama wa Liuli ana saratani ya shingo ya kizazi, amepata dozi ya pili, anatakiwa kupimwa chembe za damu siku ya 14. Siku hiyo ziwa limechafuka kwa upepo wa mwera na mtumbwi hauondoki. Anafika siku ya 19. Muuguzi anampima, anaandika, fomu inalala kwenye droo ikisubiri mtu wa kwenda Songea. Takwimu zinafungwa kwa tathmini ya katikati bila fomu yake. Katika jaribio la mtindo wa kale, fomu hiyo ingekuja mwishoni na kuhesabiwa. Katika jaribio linalojirekebisha, uamuzi umeshafanyika bila yeye. Fomu kumi za namna hiyo kutoka ziwani, zote za watu wanaochelewa kwa sababu moja, zinaweza kuifanya dawa ionekane nzuri kuliko ilivyo, hasa kama ziwa likichafuka walio hoi zaidi ndio wasiofika.

Kwa hiyo nikiisoma historia hii tangu vipeperushi vya Burkitt, naona jambo lilelile likirudi: jaribio linajua tu kile kilichofika mezani, na aliyekifikisha ndiye aliyelijenga. Kadiri mpango unavyobadilika haraka, ndivyo kazi ya mfikishaji inavyozidi uzito. Mtakwimu wa London anaweza kuandika kanuni bora kabisa, na isimsaidie mtu yeyote kama muuguzi wa Mbamba Bay hana salio la simu la kutuma takwimu za siku.

Ndiyo maana nasema mratibu wa majaribio ya saratani kwa kusini mwa Tanzania asichaguliwe kwa ukubwa wa ofisi yake. Aulizwe ana nani Songea, Litembo, Peramiho na Liuli. Aulizwe amepangaje miezi ya kuvuna kahawa, ambapo Mmatengo mwenye shamba haachi kazi kwa ajili ya kliniki, na amepangaje kuwafuata wavuvi wanaohamia makambi mengine samaki wanapohama. Aulizwe kama wahudumu wa afya wa vijijini watalipwa na mkataba au wataombwa kujitolea, kwa maana kazi ya kumfuata mgonjwa nyumbani, ambayo Mulago iliigharimia tangu miaka ya 1960, hapa bado inahesabiwa kama hisani. Mgonjwa wa saratani kutoka ufukweni anayetumwa Ocean Road anasafiri zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ya anayemsindikiza nayo inahitaji mtu wa kuilipa. Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 40,000 mwaka 2020. Wa ziwani wakikosekana katika majaribio, tiba itakayopitishwa itakuwa imepimwa kwa watu wanaokaa karibu na lami.

Ridhaa nayo ibadilike. Katika jaribio la kawaida mgonjwa huelezwa mara moja. Hapa mpango utakaoendelea mwezi wa sita huenda usiwe ule aliousikia mwezi wa kwanza, kwa hiyo aelezwe tena, kwa Kiswahili anachokielewa, na kwa Kimatengo au Kinyasa pale Kiswahili kinapomwacha bibi nyuma. Mtu wa kufanya hivyo ni yule anayeishi pale.

Matokeo yakipatikana, njia ya kurudi ipo. Mwanza, jaribio la DoRIS lililoanza mwaka 2017 liliwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya shingo ya kizazi, inaujengea mwili kinga ya kutosha. Kenya, jaribio la KEN SHE likaonyesha kinga ya dozi moja kwa wanawake vijana 2,275. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake, na mwaka 2024 Tanzania, iliyokuwa ikichanja kwa dozi mbili tangu 2018, ikahamia dozi moja. Wasichana wa shule za Lituhi na Mbamba Bay walipanga foleni wakachomwa mara moja badala ya mbili, kwa sababu ya kazi iliyofanywa ufukweni mwa ziwa jingine.

Zabuni ijayo ya kuratibu majaribio ya saratani nchini itaje vituo vya kusini kwa majina, iweke fungu la boti na la mafuta ya pikipiki, na iseme ni nani atakayebaki na friji ya sampuli, kompyuta na wauguzi waliofundishwa siku mkataba unapokwisha.